Grisi Niliyopaka Viatu

Wacha nikiri mapema ili tusisumbuane: ile grisi niliipaka viatu.

Vilikuwa vipakiti viwili vidogo, saizi ya vile vya tomato unavyopewa na chipsi, na ndani yake grisi nyeupe inayonata kama kamasi ya mtoto wa jirani. Vilikuja kwenye boksi moja na chuma cha gari la baba. Fundi alinikabidhi Alhamisi nikae navyo, akaniambia ni vya kazi gani, akarudia, kisha akaniuliza kama nimesikia. Nilisikia. Lakini Ijumaa asubuhi mwalimu wa zamu alikuwa anakagua viatu getini, na kopo letu la rangi ya viatu lilikuwa limebaki mlio tu.

Viatu viling'aa. Mwalimu alivitazama, akanitazama mimi, kama mtu aliyeona nguruwe amevaa tai. Nikapita. Kufikia saa nne vumbi lote la Kibera lilikuwa limesikia habari na kuja kuishi hapo. Jioni nilirudi nyumbani Mashimoni nimevaa mandazi mawili yaliyoviringishwa kwenye mchanga.

Nilicheka sana. Sikujua nilikuwa nimempa mtu sauti.

Gari lenyewe ni saluni ya zamani ya milango minne, rangi ya maziwa yaliyokaa, na lilikuwa barabarani kabla mama hajakutana na baba. Baba alikuwa dereva wa bosi mmoja miaka mingi, na yule bosi alipozeeka akamwachia. Wakati huo tuliishi Gatina, kule Kawangware, kwenye ploti ya mzee ambaye babu yake alilima viazi pale pale zinaposimama nyumba za kupanga. Baba alipofariki tukahamia Mashimoni, karibu na wateja wa mama, maana yeye hushona sare za shule. Huko Mashimoni hata mkokoteni hupita kwa kuomba radhi. Gari likabaki Gatina, kwenye pembe ya ploti, chini ya turubai.

Kila Jumamosi mimi ndiye niliyetumwa kwenda kuliwasha kidogo, lipumue. Na kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba watoto wa ploti hawakulichezea. Watoto wa Kawangware hucheza juu ya kila kitu, hata juu ya mbwa. Lakini kuzunguka lile gari kulikuwa na nafasi safi ya hatua tatu, kama imefagiliwa. Nikakauliza katoto kamoja kwa nini.

"Mwenyewe yuko ndani," kakasema.

"Mwenyewe amekufa, wewe."

"Eeh," kakakubali. "Na yuko ndani."

Nikakazomea, nikaingia. Ilikuwa Julai, ile baridi ya Nairobi inayokufuata hadi kwenye meno. Niliwasha injini, nikapumua mara tano sita, na kioo cha mbele kikaanza kuingia ukungu. Katikati ya ukungu kikatokea kiganja. Kiganja kizima, vidole vitano vimetanuliwa, kikubwa kuliko changu.

Baba alikuwa na tabia ya kufuta kioo kwa mkono badala ya kitambaa. Mafuta ya mkono wake yalibaki pale, na ukungu ulishika kila mahali isipokuwa hapo. Hayo nayajua leo. Siku hiyo nilitokea mlango wa abiria bila kuzima injini, na injini ikaendelea kunguruma peke yake hadi nilipopata roho ya kurudi.

Sikumwambia mama. Mama alikuwa na yake.

Yeye alijaribu kuliendesha mara moja, miezi mitatu baada ya mazishi. Kuendesha alifundishwa na baba: mama kwenye usukani, baba kiti cha kushoto, mimi nyuma nikitoa maoni ambayo hakuna aliyeyaomba. Baba hakuwa mtu wa kupiga kelele. Akiona tuta mbele aliguna tu, "Mmh-hmm," ule ule mguno aliotoa akiinuka kwenye kochi, akivua viatu, akisikiliza habari. Mama alimjibu, "Nimeona," na kukanyaga breki. Hayo ndiyo yalikuwa masomo yote. Mmh-hmm. Nimeona. Mmh-hmm. Nimeona.

Siku aliyojaribu peke yake alifika kwenye mzunguko wa kwanza, akageuza, akarudi ploti, akalifunika turubai kwa mikono yake mwenyewe.

"Limefanya nini?" nikamuuliza.

"Linalala upande kwa kona."

"Yote ya zamani hulala, mathe. Yamechoka."

"Linalala," akasema, "na kila nikikata kushoto, kuna mtu ananiegemea."

Mzaha huwa ninao mfukoni kila wakati. Hata kwenye matanga ya baba nilikuwa na miwili mitatu. Lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyesema kitu na hataki kukirudia. Nikaurudisha mfukoni.

Kisha mwenye ploti akapata ramani ya kujenga ghorofa. Ni mzee mpole, hupiga hodi hata kwenye nyumba zake mwenyewe. Alimwambia mama, "Mama, mimi nakuheshimu, na bwana yako nilimheshimu. Lakini wiki ijayo msingi unachimbwa, na hilo gari limekaa juu ya ngazi zangu." Mama hakubishana. Siku hiyo hiyo akaongea na mtu wa vyuma vikuukuu, wakakubaliana aje na lori Jumatatu.

Nilimfuata mpaka kwenye cherehani. Nilimwambia kwamba fundi wa baba ana nafasi ya kuliegesha Sarang'ombe. Nilimwambia kulala kwenye kona ni ugonjwa unaotibika. Sikumwambia kwamba lile gari ndilo kitu pekee cha baba ambacho bado kilikuwa na joto ukikigusa, lakini nadhani alisikia hivyo hivyo.

"Jumapili," akasema bila kuinua mguu kwenye pedali. "Nitalitoa Gatina mpaka kwa fundi. Nikifika bila kuegemewa, linabaki. Likinilaza tena, Jumatatu liende. Na usilie."

Sikuwa nalia. Ilikuwa vumbi.

Fundi wa baba ana kibanda Sarang'ombe, mabati matatu na dirisha la mlango wa gari.

"Niaje, fundi."

"Poa. Leo umekuja kuharibu nini?"

Nikamweleza gari linavyolala. Nikamweleza na ya mtu anayeegemea, nikitegemea tucheke pamoja. Hakucheka. Alifuta mikono, akasema dawa yake ni stebilaiza. Hiyo ni fimbo ya chuma iliyopindwa, inapita chini ya gari kutoka gurudumu hadi gurudumu. Upande mmoja ukitaka kuzama kwenye kona, chuma kinajisokota na kuuvuta upande wa pili, na gari linabaki wima. Hushikwa na bushi mbili za mpira, moja kila upande, ili kigeuke bila kusaga.

Akaniwekea tatu chini. Ya kwanza nyembamba kama kidole, ya aina ile ile ambayo gari lilitoka nayo kiwandani. "Hii ni ya kufurahisha macho tu," akasema. Ya pili ilitoka kwenye pikapu, nene kama mkono wangu, na mimi moyo wangu ukaenda hapo hapo.

"Tuweke hii! Gari litasimama kama ukuta."

"Ndiyo shida yenyewe. Gari likiwa ukuta, gurudumu la ndani linaning'inia hewani kwa kona, barabara ikiwa na maji mnateleza mkiwa wima vizuri kabisa. Halafu hii ni ndefu, lazima niikate nichomelee. Chuma cha stebilaiza ukichomelea kimekufa. Kinaonekana kizima, lakini kimekufa."

Alisema hivyo akiitazama ile ya pikapu, si mimi, na mimi nikajikuta nasogea mbali na kile chuma.

Ya tatu aliishusha kutoka kwenye mti wa paa, boksi refu lenye vumbi la miaka. Ndani kulikuwa na chuma cheusi kipya, kimetengenezwa mahsusi kwa gari kama letu, kinene kiasi, na bushi mbili nyekundu ngumu na vile vipakiti viwili vya grisi. Mteja mmoja aliagiza kutoka ng'ambo, akaja kukitazama mara moja, akasema atarudi.

"Alienda wapi?"

"Hakurudi."

"Alikufa?"

"Nimesema hakurudi. Kwani kwako kila kitu ni matanga?" Akanisukumia boksi. "Chukua. Baba yako alinipelekea bibi hospitali akijifungua. Na hiki chuma kimekaa hapo juu kikinitazama tu."

Chuma akabaki nacho. Bushi na grisi akanipa mimi nisivisahau, na yaliyofuata mnayajua.

Jumamosi tulienda Gatina kwa boda, fundi katikati na sanduku la spana, mimi nyuma na chuma shingoni kama ng'ombe wa nira. Kulikuwa na manyunyu. Tulilitoa gari turubai, tukaliinua kwa jeki, tukalikalisha juu ya magogo, na fundi akaingia chini. Bushi za zamani zilimomonyoka mkononi mwake kama biskuti iliyolowa chai. Kazi yangu ilikuwa kuvalisha zile nyekundu.

"Umepaka grisi?" akauliza kutoka chini.

"Nimepaka."

Hakuuliza nimepaka nini.

Sasa, huyu fundi ana sheria moja, na aliifundishwa na fundi wake: nati za mwisho hazikazwi gari likiwa hewani. Lazima kwanza lishuke, likae kwa miguu yake, na ndani kuwe na uzito wa dereva. "Ukilikaza likining'inia," akasema, "umelifundisha kukaa vibaya. Litakaa hivyo siku zote, limeinama upande kama kuna mtu." Akanitazama. "Wewe ni mifupa. Mama yako yuko wapi?"

"Anakuja na chakula."

"Tafuta uzito."

Tukalishusha gari chini, nikaazima gunia la makaa kwa mama anayeyauza getini. Nililiburuta, nikalipandisha kiti cha dereva, nikalifunga mkanda, nikihema. Na kofia ya baba ilikuwa bado juu ya dashibodi, ile ya kahawia aliyoivaa akimwendesha bosi. Mimi nikiona gunia limekaa vizuri na kofia iko karibu, nifanye nini? Nikalivika. Nikaliinamisha kidogo mbele, kama alivyofanya yeye. Nikatoka nje nione kazi yangu.

Kuhema kwangu kulikuwa kumejaza kioo ukungu. Nyuma ya ukungu kulikuwa na mabega mapana na kofia ya kahawia, na mbele ya mabega, kiganja kimeinuliwa, vidole vitano.

Fundi alitoka chini ya gari, akaona, akarudi chini ya gari.

Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama getini na hotipoti mikononi. Hakupiga kelele. Hotipoti haikuanguka. Alitembea polepole, akaingia ndani ya ile nafasi safi ambayo watoto hawaivuki, akasimama karibu na mlango wa dereva, akatazama. Alitazama muda mrefu mpaka manyunyu yakaanza kudondoka kutoka kwenye kilemba chake.

"Mum," nikaanza, "ni makaa tu. Ilikuwa..."

"Si hapo," akasema.

"Nini?"

"Hapo ni pangu. Mimi ndiye nitaendesha. Msogeze."

Nilisogeza. Sikuwahi kubeba kitu kwa adabu kama nilivyobeba lile gunia kwenda kiti cha kushoto. Nilitaka kutoa kofia, akanikataza kwa macho. Kisha akaingia, akafunga mlango, akaweka hotipoti mapajani, akatazama mbele. Fundi alikaza nati moja, akahamia ya pili. Spana ililia, ikanyamaza, ikalia. Mara moja tu nilimwona mama akijisogeza kidogo kuelekea mlango wake, vile unavyosogea kwenye benchi kanisani kumpa mtu nafasi.

Jumapili gunia lilikuwa limerudishwa kwa mwenyewe. Kofia ilibaki kwenye kiti cha kushoto. Mimi nilikaa nyuma, nimevaa viatu vya shule kwa sababu ndivyo hivyo hivyo vya kanisa. Mama aliwasha gari, akaomba kimya, akaweka gia. Mwenye ploti mwenyewe alikuja kutufungulia geti.

Pale getini kuna kizingiti cha saruji. Gurudumu la kushoto likakipanda kwanza.

"Mmh-hmm."

Haikuwa kama sauti yake. Ilikuwa sauti yake. Ilitoka mbele, upande wa kushoto, nzito, ya mtu anayeinuka kwenye kochi. Nywele zangu zilisimama hadi za miguu. Mwenye ploti alivua kofia na kuiweka kifuani.

Mama hakusimama. Alishika usukani kwa mikono miwili, akaingia barabarani.

Kona ya kwanza ya kushoto nilishikilia kiti, nikingoja kumwagwa. Sikumwagwa. Gari lilikata wima kama askofu. Mzunguko nao ukaja, tukauingia, tukautoka, na bega la mama halikutikisika. Chuma kilikuwa kinafanya kazi. Ilinipasa nishangilie, lakini mbele kulikuwa na tuta, na matuta ya Nairobi ni mengi kuliko watu waliookoka.

"Mmh-hmm."

Tuta la pili. "Mmh-hmm." La tatu nilifumba macho.

"Mmh-hmm."

"Nimeona," mama akasema.

Alisema kwa sauti ndogo, ya kawaida, kama mtu anayeombwa chumvi mezani. Nilimtazama kwenye kioo cha ndani. Alikuwa anatazama barabara. Kofia ilikuwa inatikisika kwenye kiti, kidogo, juu chini, kama mtu anayekubali. Barabara ya Ngong yote tulienda hivyo, Mmh-hmm, Nimeona, Mmh-hmm, Nimeona, na mimi nyuma, mtu ambaye darasa zima humngoja afungue mdomo ndio wacheke, nilikuwa nahesabu matuta tu.

Fundi alitusikia kabla hajatuona. Alikuwa ametoka kanisani, bado na suti, na tulipopanda ukingo wa kibanda chake gari likaguna kwa mara ya mwisho. Mimi na mama tukashuka. Kisha akatandika boksi chini, akavua koti, akaingia na suruali ya Jumapili. Nikasikia kidole chake kikisugua kitu.

"Hii bushi ni kavu," akasema. "Zote mbili. Mpira mgumu unajisaga kwa chuma. Hakuna grisi hapa."

Kichwa chake kikatokea chini ya mlango. Kilitokea usawa wa viatu vyangu. Alivitazama. Akakwangua kimoja kwa ukucha, akanusa.

"Mama," akaita, "grisi ya gari nimeipata. Imevaa soksi."

Nikakiri yote, vipakiti, mwalimu wa zamu, mchanga. Nikangoja kofi. Na kwa sababu kofi halikuja, nikaongeza upumbavu: "Kwa hivyo si yeye, Mum. Ni bushi."

"Najua ni bushi," akasema. "Mimi nashinda na cherehani. Kitu kikavu nakijua kikilia. Nilijua pale pale getini."

"Sasa mbona ulikuwa unamjibu?"

Alifungua mlango wa kushoto, akaichukua kofia, akaifuta vumbi kwa kiwiko, akairudisha pale pale. Fundi alikuwa ameleta kopo la grisi na kijiti.

"Si mbaya, mama. Nalegeza hapa na hapa, napaka, nakaza tena. Nusu saa. Ikikaa kavu itakula bushi."

"Ukipaka itanyamaza?"

"Itanyamaza kabisa."

"Kabisa?"

"Kabisa, mama. Hutasikia kitu."

Mama alisimama akilitazama gari, mkono mmoja juu ya bati lake, mahali ambapo injini ilikuwa bado na moto. Fundi alikuwa ameshachovya kijiti. Mimi niliangalia viatu.

"Wewe mpigie yule wa vyuma, mwambie asije kesho," akasema. "Na wewe fundi, paka huu upande wangu. Ule wake wachana nao."